Sura ya Saba: Kwa Miguu hadi kwa Faru wa Ziwa

Mwezi Juni mwaka 2009, ndama wa faru alizaliwa Uganda, jambo ambalo nchi hiyo ilikuwa haijalishuhudia kwa zaidi ya robo karne. Mama yake, Nandi, alikuwa ameletwa kutoka Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Disney's Animal Kingdom huko Florida. Baba yake, Taleo, alitoka Kenya, kwenye hifadhi ya Solio karibu na Mlima Kenya. Baba Mkenya, mama Mmarekani: jina lilijileta lenyewe. Ndama akaitwa Obama.

Alizaliwa Ziwa, hifadhi ya kilomita za mraba 70 iliyozungushiwa uzio wa umeme katika wilaya ya Nakasongola, kaskazini mwa Kampala. Zamani eneo hilo lilikuwa ranchi ya ng'ombe. Mwaka 2005 wakaletwa faru wanne kutoka Solio, na mwaka uliofuata wakaongezwa wawili kutoka Florida. Kutokana na wageni hao sita, kundi lilikuwa limepita faru 40 ilipofika katikati ya miaka ya 2020.

Kwetu Kanda ya Ziwa ni wachache wanaofikiria kwenda Nakasongola kuangalia wanyama. Wanyama si tunao, watu husema, Serengeti si hiyo hapo? Mimi na mwenzangu tulibeba mabegi mgongoni tukavuka Mutukula, na nimerudi nikiamini kwamba safari hii ina maana kubwa zaidi kwa jirani wa Uganda kuliko kwa mtalii aliyepanda ndege kutoka Ulaya. Mtalii anakwenda kuona faru. Jirani anakwenda kujifunza nchi inavyompoteza mnyama, na kazi inayohitajika ili kumrudisha.

Jinsi walivyotoweka

Uganda ilikuwa na faru wa aina mbili. Faru weusi waliishi kaskazini mashariki, upande wa Kidepo na Karamoja. Faru weupe wa kaskazini waliishi magharibi ya Mto Nile, katika eneo la West Nile. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya hao weupe walihamishiwa Murchison Falls, kwa matumaini kwamba huko watalindwa vizuri zaidi.

Kisha ikaja miaka ya 1970. Utawala wa Idi Amin, vita vilivyomwondoa mwaka 1979, na mapigano yaliyoendelea baada ya hapo vilisambaza silaha kila mahali. Askari wa wanyamapori waliachwa bila vifaa na bila mishahara ya maana, huku watu wenye bunduki wakiingia hifadhini kutafuta nyama na pembe. Mwaka 1983 ndio unaotajwa kuwa mwisho wa faru wa porini nchini humo.

Tusije tukadhani lilikuwa balaa la Uganda peke yake. Kenya, ambayo haikuwa na vita, ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400. Tanzania nayo iliwapoteza karibu wote. Soko lilikuwa moja. Pembe zilichongwa mipini ya majambia huko Yemeni, ambako fedha za mafuta ya Ghuba zilikuwa zimewapa vijana wengi uwezo wa kununua jambia la kifahari. Nyingine zilisagwa kuwa dawa katika Asia ya Mashariki. Biashara hiyo ilipigwa marufuku kimataifa mwaka 1977 chini ya mkataba wa CITES, lakini marufuku ya karatasi haikushindana na bei. Na kitu chenyewe kilichouzwa kwa bei hiyo ni keratini, ile ile inayotengeneza kucha na nywele za binadamu.

Njia ya kufika

Safari hii inawezekana kabisa kwa basi. Kutoka Mwanza unapita Geita na Biharamulo hadi Bukoba, na kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi limekamilika, kivuko hakikusubirishi tena. Bukoba hadi Mutukula ni mwendo mfupi wa lami. Mpakani, Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya kusafiria pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Badilisha fedha kidogo ya kukufikisha mjini, iliyobaki ubadilishe Kampala. Baada ya Masaka basi linavuka ikweta pale Kayabwe, na jioni unaingia Kampala, jiji ambalo teksi ni kile sisi tunachokiita daladala.

Asubuhi tulipanda basi la Gulu. Barabara inapita Bombo, mji wa kambi ya jeshi na Wanubi, ambako Kiswahili kinasikika dukani na msikitini. Inafuata Luweero yenye mananasi yaliyopangwa kando ya lami, halafu Migyera, ambako wauzaji hukimbilia madirisha ya basi na vijiti vya nyama choma na gonja, ndizi za kuchoma. Mwambie kondakta mapema kwamba unashukia Nakitoma, kwa sababu basi la Gulu halina sababu nyingine ya kusimama pale. Kutoka Nakitoma ni bodaboda hadi getini. Kijana wa bodaboda alitaka kutupakia mishikaki, sisi wawili na mabegi yetu juu ya pikipiki moja. Tulikataa, tukachukua mbili, nanyi fanyeni hivyo hivyo. Barabara ni ya vumbi na ina mashimo.

Kuhusu begi, chukua suruali ndefu, viatu vya kufunika mguu, nguo za rangi isiyong'aa, koti la mvua na chupa ya maji. Mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa mbali, kwa hiyo kitambulisho au pasipoti iwe karibu. Kuna nyumba za wageni na kuna uwanja wa kupiga hema. Tulichagua hema, na alfajiri tukakuta ngiri wamepiga magoti wanakula nyasi hatua chache kutoka mlangoni.

Na kuhusu mwenza wa safari, nina ushauri mmoja tu. Kugawana nauli ya bodaboda na kulindiana mabegi stendi ni mambo ambayo rafiki yeyote atakusaidia. Chagua mtu anayejua jambo ambalo wewe hulijui. Mwenzangu ni binti wa wafugaji wa Meatu na kazi yake ni afisa mifugo. Amekua akichunga, akasomea mifugo, na hajui kumtazama mnyama bila kumkagua. Mimi ningerudi na picha. Kwa sababu yake nilirudi na maswali.

Kanuni za kutembea

Ziwa faru hufuatwa kwa miguu. Gari linaweza kukusogeza, lakini mwishowe unashuka. Askari aliyetuongoza aliongea Kiswahili safi, kile cha vikosini, na kabla ya hatua ya kwanza alitusimamisha chini ya mti.

"Madada, tunatembea mstari mmoja, nyuma yangu. Hakuna kupiga kelele. Nikisimama mnasimama. Faru akija mbio, usishindane naye. Panda mti, au simama nyuma ya mti mkubwa."

Akaokota vumbi, akaliachia lidondoke kutoka kiganjani ili kujua upepo unakotoka. Faru haoni vizuri. Mtu aliyetulia mbali kidogo anaweza asimtambue kabisa. Lakini anasikia sana, na kunusa ndiko kunakompa habari zote. Ndiyo maana tulizunguka vichaka, tukifuata njia ndefu, ili upepo utoke kwa mnyama kuja kwetu.

Njiani tulipita rundo la kinyesi, limetawanyika kwa namna ambayo mwenzangu aliigundua upesi. "Huyu amepiga mateke," alisema. Askari akafurahi. Ni alama ya dume mwenye eneo lake: hurudi mahali pale pale, hunya, kisha hutawanya kwa miguu ya nyuma. Mwenzangu alichuchumaa, akavunja donge kwa kijiti. Nyasi tupu. Faru mweupe ni mla nyasi, mwenye mdomo mpana ulionyooka kwa mbele, tofauti na faru mweusi mwenye ncha ya mdomo inayokamata matawi na majani ya vichaka. Kilichomfanya dada huyu wa Meatu atabasamu ni kwamba malisho yale yale yaliyokuwa yakinenepesha ng'ombe wa ranchi ndiyo yanayowalisha faru.

Mama na ndama

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Ilikuwa sauti ya nyasi zikikatwa, kavu na ya mfululizo, bila haraka. Askari akainua mkono. Nyuma ya kichaka cha mgunga alikuwepo jike na ndama wake, na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni jinsi kichwa kilivyo chini. Mdomo wote uligusa ardhi, na juu ya shingo paliinuka nundu ya misuli inayobeba uzito wa kichwa kile. Masikio yalizunguka kila moja kwa wakati wake, moja likituelekea sisi na lingine likimfuata ndama. Matope ya asubuhi yalikuwa yamekauka mgongoni, yakipasuka kila alipohamisha mguu. Mwenzangu alininong'oneza kwamba yale ni dawa ya kupe: yakikauka na kusuguliwa kwenye mti, kupe wanang'oka nayo.

Tukakaa kimya. Ndama alichoka kunyonya, akaondoka, na mama akafuata nyuma. Askari alitueleza kwamba kwa faru weupe ndivyo ilivyo, mtoto hutangulia na mama humlinda kwa nyuma. Kwa faru weusi mtoto ndiye anayefuata. Mimba ni miezi 16 hivi, na ndama hukaa na mama miaka miwili au mitatu, mpaka mdogo wake anapozaliwa. Mwenzangu alipiga hesabu papo hapo. Jike mmoja, kama hakuna tatizo lolote, hutoa ndama mmoja kila baada ya miaka miwili na nusu au mitatu. "Ukipoteza jike mmoja hapa," alisema, "umepoteza miaka mingi sana."

Ndipo nikamwona askari wa pili. Alikuwa amesimama muda wote kwenye kivuli, bunduki begani, daftari mkononi. Kundi hili lilikuwa zamu yake. Kila saa huandika: yuko wapi, yuko na nani, anakula, amelala, anakunywa, anapigana. Usiku huja mwingine, mwenye tochi na koti zito, na hufanya hivyo hivyo mpaka kupambazuke. Tuliomba kuona ukurasa mmoja. Mistari ilikuwa mifupi, kwa mwandiko wa mtu anayeandika akiwa amesimama: saa, mahali, kazi ya mnyama. Amekula. Amekula. Amelala. Amekula. Tangu mwaka 2005, mchana na usiku, kuna mtu amesimama karibu na wanyama hawa akiandika maneno hayo.

Mwenzangu alilirudisha daftari kwa mikono miwili. "Huku ni kuchunga," aliniambia baadaye. "Tena kuchunga kwenyewe, siyo kwa yule anayelala chini ya mti." Nakubaliana naye. Uzio wa umeme unasaidia kuwazuia faru wasitoke, lakini jangili mwenye nia hukata waya. Kinachomzuia ni kujua kwamba kila faru ana mtu wake.

Swali la dume

Jioni, tukila wali na maharage pamoja na wafanyakazi wawili wa hifadhi, mwenzangu aliuliza swali ambalo alikuwa nalo tangu asubuhi. "Mlianza na sita. Hawa ndama wa kike wakikua, wanapandwa na nani?"

Kila mfugaji anajua maana ya swali hilo. Dume akikaa zizini muda mrefu ataanza kupanda binti zake, na baada ya vizazi kadhaa uzao unadhoofika. Kwa ng'ombe unabadilishana dume na jirani. Kwa faru, jirani yuko Kenya au Afrika Kusini, na kuhamisha mnyama wa zaidi ya tani mbili kunahitaji madaktari, dawa za usingizi, kreti za chuma, malori au ndege, na vibali vya serikali mbili. Wafanyakazi wale hawakulikwepa swali. Walisema damu mpya ni lazima, na kwamba kundi lolote lililofungiwa ndani ya uzio lina kikomo chake.

Faru weupe wa kusini, ambao ndio walioko Ziwa, wamewahi kupita kwenye mlango mwembamba kama huo. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki chini ya 100, katika eneo moja la Afrika Kusini lililo sasa KwaZulu-Natal. Katika miaka ya 1960 maofisa wa hifadhi za Natal, akiwemo Ian Player, walianza kuwahamisha kwenda hifadhi na nchi nyingine, ili maradhi au vita vya mahali pamoja visiweze kuwamaliza. Leo wako zaidi ya 15,000 barani Afrika. Waliokolewa kwa kulindwa, halafu kwa kutawanywa. Hatua ya kwanza bila ya pili isingetosha.

Ndugu zao wa kaskazini, wale waliokuwa wenyeji wa Uganda, hawakupata bahati hiyo. Sudan, dume wao wa mwisho, alikufa Ol Pejeta nchini Kenya tarehe 19 Machi 2018, akiwa chini ya ulinzi wa saa 24. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, hapo hapo Ol Pejeta. Wanasayansi wa mradi wa BioRescue wanahifadhi viinitete vilivyotokana na mayai ya Fatu na mbegu za madume waliokwisha kufa, na Januari 2024 walitangaza kwamba jike wa faru wa kusini alishika mimba ya kiinitete cha faru wa kusini kilichopandikizwa. Ilikuwa hatua ya kujaribu njia, ili siku moja jike wa kusini abebe mimba ya ndugu yake wa kaskazini. Kwa hiyo wale faru wa Ziwa, ambao kwa asili si wa Uganda, ni wa jamii ile ile inayotegemewa kubeba uzao wa waliopotea.

Watanzania tunalo somo letu. Faru Fausta wa Ngorongoro alikufa Desemba 2019 akiwa na miaka 57, na sehemu kubwa sana ya maisha hayo aliishi huru ndani ya kreta. Uzee na majeraha ya fisi ndivyo vilivyomfanya awekwe kwenye uzio mwaka 2016. Fausta alifika umri huo katika miongo ile ile ambayo faru wa Uganda walimalizwa. Hakuwa na bahati kuliko wao. Palikuwa na watu waliobaki kazini.

Hifadhi inayopaswa kutoa

Usiku ule hemani tulibishana, mimi na mwenzangu. Mimi nilisifu idadi: kutoka sita hadi zaidi ya 40. Yeye alisema mfugaji hasifiwi kwa ng'ombe kujaa zizini ikiwa nje hakuna malisho salama. Nilimpinga, lakini ameshinda, na hoja yake ndiyo ninayoiandika hapa.

Ziwa haikuanzishwa ili iwe makazi ya mwisho ya faru. Mfuko wa Faru wa Uganda, ulioanzishwa mwaka 1997, ulikuwa na lengo la kuwazalisha mahali palipolindwa kisha kuwarudisha katika hifadhi walikotoweka, kama Murchison Falls na Kidepo. Kwa hiyo mafanikio ya Ziwa yatapimwa kwa faru wanaotoka wakiwa hai na kubaki hai. Hilo linategemea mambo ambayo hayako ndani ya uzio: mishahara ya askari ifike kwa wakati, wafugaji na wachoma mkaa wa Nakasongola waone faida ya kuwa na faru jirani, mahakama zimfunge mnunuzi wa pembe na siyo mbebaji peke yake, na nchi iwe na amani. Faru wa Uganda walikufa serikali iliposhindwa kulipa na kulinda. Aina bora ya uzio haiwezi kuziba pengo hilo.

Ndiyo maana nawahimiza majirani waende. Nauli ya basi na bodaboda haimshindi mtu mwenye kipato cha kawaida akijipanga, na kiingilio chake kinachangia kumlipa yule askari mwenye daftari. Lakini nendeni na maswali pia. Waulizeni wenyeji ni faru wangapi wamekwisha kutoka, wamepelekwa wapi, na nani anakesha nao huko. Watawajibu, maana wanapenda kuulizwa na watu wanaojua uchungu wa mfugo kupotea. Na mkirudi nyumbani, ulizeni maswali hayo hayo Mkomazi, Ngorongoro na Nairobi, kwa sababu Uganda, Kenya na Tanzania zote zimewahi kuwaacha faru wao wafe, na kila moja inadaiwa majibu na raia wake wenyewe.